Mlango Ubaki Wazi: Jibu kwa Mama wa Chake Chake Kuhusu Sinema na Watoto Wenye Usonji

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chake Chake. Mwanangu wa pili ana miaka 9 na ana usonji. Nyumbani anapenda sana katuni, na moja anaweza kuiangalia hata mara kumi bila kuchoka. Mwezi uliopita palikuwa na onyesho la sinema katika uwanja wa skuli, nikampeleka pamoja na ndugu zake. Haikufika robo saa akaziba masikio, akapiga kelele, akajitupa chini. Watu wakageuka. Mmoja akaniambia nimtoe kwa sababu hana adabu, mwengine akasema asomewe. Tokea siku ile sijatoka naye. Nasikia nchi za nje kuna sinema zinazoonyeshwa kwa ajili ya watoto kama yeye. Je, na sisi huku Pemba, ambako jumba la sinema lenyewe hatuna, tunaweza kufanya? Na tuanzie wapi?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kabla ya kukujibu wapi pa kuanzia, nataka kukuondoshea neno lililosemwa mbele ya watu pale uwanjani. Mwanao hakukosa adabu. Mtoto anayedeka hutazama ni nani anayemtazama, na hunyamaza akishapewa anachokitaka. Mtoto aliyezidiwa hamtazami mtu, na hata ukimpa kile akipendacho kuliko vyote hanyamazi, kwa sababu hakuna kitu anachokidai. Anachotaka ni kile kinachomuumiza kikome. Kumwombea mtoto dua ni jambo jema na mzazi hana haja ya kuliacha, lakini usonji si shetani. Ni namna ubongo wa mtoto ulivyokua, na mojawapo ya alama zake, iliyoingizwa rasmi mwaka 2013 katika mwongozo ambao madaktari wa Marekani na wa nchi nyingine nyingi huufuata, ni kwamba sauti, mwanga, harufu au mguso humfikia mtu kwa ukali unaozidi wa kawaida, au kinyume chake, humfikia hafifu mno hata akawa anavitafuta kwa kujitikisa, kuruka na kugusagusa.

Wala hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Pemba ilikuwa na watu zaidi ya nusu milioni katika sensa ya 2022, kwa hiyo ukiichukua hesabu hiyo kama ilivyo, bila kudai kwamba kuna mtu aliyepita nyumba kwa nyumba kuhesabu, unapata watu kama 4,000 katika kisiwa chenu. Wengi wao wako majumbani, kama mwanao alivyo tokea siku ile.

Sasa nije kwenye swali. Ndiyo, mnaweza kufanya, na kukosa jumba la sinema si kikwazo. Mwanzo wenu si filamu, wala spika, wala projekta. Mwanzo wenu ni mlango.

Nieleze kwa nini. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika makala kuhusu watoto 11, na makala hiyo ndiyo iliyoupa usonji nafasi yake katika vitabu vya tiba. Humo alisimulia watoto waliotishika kwa sauti za vyombo vya kawaida vya nyumbani, kisha akaongeza jambo ambalo mimi huwasimulia wazazi kila nipatapo nafasi: haikuwa kelele yenyewe iliyowatisha, maana watoto walewale waliweza kupiga wenyewe kelele kubwa kama hizo na wakafurahi. Kilichowatisha ni kelele iliyowaingilia bila wao kuitaka. Mwanao akiwa nyumbani anajua katuni itasema nini, anajua rimoti iko wapi, na akichoka anaondoka. Uwanjani havikuwapo vitu hivyo vyote vitatu, na pengine cha tatu ndicho kilichomshinda, kwa sababu alikuwa katikati ya watu, gizani, hajui njia ya kutokea.

Kwa hiyo mimi husema kwamba onyesho linamfaa mtoto mwenye usonji pale ambapo kutoka hakumgharimu kitu. Hakuna anayegeuka kumtazama, hakuna anayemwambia mama yake asubiri kidogo, na akitaka kurudi anaikuta nafasi yake. Mtoto akishajua kwamba anaweza kutoka wakati wowote, sauti ileile iliyomshinda jana huweza kuivumilia leo.

Haya sikuyajua kwa kusoma peke yake. Katika onyesho la kwanza nililoshiriki kuliandaa hapa Unguja, tulipunguza sauti, tukaacha taa zinawaka, tukatandika mikeka, tukaamini kazi imekwisha. Ukumbi ulikuwa na mlango mmoja tu unaofunguka, wa chuma, na kila ulipofunguliwa uligonga ukuta kwa kishindo. Ili kukiepuka kishindo hicho, kijana mmoja wa kujitolea akaushika mlango na kuwaomba wazazi wangojee mpaka kipande cha filamu kilichokuwa kinaendelea kiishe. Nia yake ilikuwa njema kabisa, nami nilimwona na sikumkataza. Lakini msichana mmoja alipouona mlango umeshikwa alianza kulia, kilio chake kikawazidi wengine, na baada ya dakika 20 hapakuwa na onyesho tena. Mara ya pili tulisukuma kipande cha mpira chini ya mlango ukabaki wazi tangu mwanzo, tukatandika jamvi nje kivulini, tukaweka maji ya kunywa. Filamu ilikuwa ileile na sauti ileile. Mtoto mmoja alitoka na kurudi mara saba, na onyesho likafika mwisho wake.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wazazi wengi wanalijua kwa uchungu. Mlango wazi una hatari yake, kwa kuwa watoto wengi wenye usonji huondoka ghafla bila kuaga, na wengi wao huvutwa na maji. Katika nchi zilizofuatilia vifo vya watoto waliopotea kwa namna hiyo, kuzama majini kumeonekana kuwa sababu kubwa. Sisi tuko visiwani, tuna bahari, tuna visima visivyofunikwa, tuna barabara zinazopita mbele ya skuli. Basi tafuteni mahali penye milango miwili: wa ndani, wa ukumbi, ubaki wazi daima, na wa nje, yaani geti la ua au la uwanja, ufungwe na uwe na mtu mzima anayeujua uzito wa kazi yake, asiyetumwa soda wala kuangalia simu. Skuli yenye ua uliozungushiwa ukuta inafaa kuliko ukumbi mzuri uliofungukia barabarani. Kabla ya siku yenyewe, tembeeni kila pembe ya ua, na mkikuta kisima, kifunikeni au hamieni pengine.

Umetaja nchi za nje. Huko Marekani kampuni ya majumba ya sinema ya AMC ilianza maonyesho ya namna hii kati ya 2007 na 2008 kwa kushirikiana na chama cha usonji cha nchi hiyo, baada ya mzazi mmoja kueleza jinsi alivyotolewa yeye pamoja na mwanawe katikati ya filamu. Uingereza nayo, tangu 2011, taasisi iitwayo Dimensions imekuwa ikiyasaidia majumba ya sinema kufanya hivyo. Mambo yao ya msingi ni machache: taa hupunguzwa lakini hazizimwi, sauti hushushwa, matangazo ya filamu nyingine huondolewa, watu huruhusiwa kusimama, kutembea, kusema na kuimba, na kila mtu huja na chakula chake.

Nisingependa, hata hivyo, mtu akuambie kwamba unaiga mambo ya wageni. Bibi zetu wa Mji Mkongwe walikuwa na maonyesho ya sinema ya wanawake peke yao, kwa sababu wenye majumba ya sinema walifahamu kwamba wapo watu wanaoipenda sinema kama wengine lakini hawawezi kuja kwa utaratibu wa wengine. Hawakuambiwa wabaki nyumbani. Utaratibu ndio uliobadilishwa. Ombi lako ni la jamaa moja na hilo. Tena ni haki: Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unataja filamu kwa jina katika kifungu cha 30, pamoja na michezo ya kuigiza na vipindi vya televisheni.

Tuje kwenye sauti, maana ndiyo inayoharibu maonyesho mengi ya huku kwetu. Desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti. Majumba makubwa ya sinema hupangwa kwa kiwango cha desibeli 85 kwa kila chaneli ya sauti, na vishindo vya ghafla huruhusiwa kufika 105, hali mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Kila zinapoongezeka desibeli 10, sikio huhisi sauti imekuwa maradufu. Spika za kukodi zinazotumika harusini na mikutanoni zimetengenezwa ili zisikike mbali, kwa hiyo anayekaa karibu nazo ndiye anayeumia, na watoto ndio wanaokaa mbele. Pakueni katika simu programu ya kupima sauti, mkae pale atakapokaa mtoto wa mbele, na msivuke desibeli 65. Kipimo cha simu si sahihi kama cha maabara, lakini kwa kazi hii kinatosha. Spika ya besi iondoeni kabisa, kwa sababu mtetemo wake hupita sakafuni na kumwingia mtoto kifuani hata akiwa ameziba masikio. Wengine watahitaji vizuizi vya masikio, vile vinavyovaliwa na mafundi wanaokata vyuma, na maduka ya vifaa vya ujenzi huviuza. Mnunulie mwanao mapema avizoee nyumbani. Siku ya onyesho si siku ya kumvisha kitu kigeni kichwani.

Mimi ningechagua televisheni kubwa badala ya projekta. Projekta inataka giza, feni yake inavuma, na mtoto akipita mbele yake anajikuta ndani ya mwanga mkali wa ghafla. Televisheni ya inchi 55 au 65 mbele ya familia nane au kumi zilizokaa kwenye mikeka inaonekana vizuri huku madirisha yakiwa wazi, na mkeka unampa mtoto nafasi ya kulala, kujitikisa au kugeuka bila kumsumbua wa pembeni. Msizidishe familia. Kuna watakaowashauri mfanye uwanjani usiku, kama filamu zinavyoonyeshwa Ngome Kongwe, huku Unguja, wakati wa tamasha la filamu la ZIFF. Uwanja wazi una faida ya kutokea, lakini giza lake ni zito, sauti yake haishikiki, na geti la kuangalia hakuna.

Kuhusu mwanga, liko jambo moja la hatari hasa. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya televisheni ilikuwa na sehemu fupi ambamo rangi nyekundu na ya buluu zilipokezana kwa kasi ya kiasi cha mara 12 kwa sekunde, na watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali, wengine wakiwa na degedege. Kifafa huonekana mara nyingi zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa wengine. Kwa hiyo mtu mzima mmoja aitazame filamu yote kabla, na ikiwa ina mwanga unaopigapiga zaidi ya mara tatu kwa sekunde, iachwe. Waulizeni pia wazazi nani ana mtoto mwenye kifafa.

Harufu watu huisahau. Sisi tunapenda kujifukiza udi tukienda kwenye shughuli, na ni uzuri wetu, lakini kwa siku hiyo waombeni wasaidizi wasijifukize wala kujitia manukato, na chipsi zisikaangwe karibu na dirisha. Kila mama aje na chakula ambacho mwanawe anakila.

Wakati unaofaa ni asubuhi ya siku isiyo ya skuli, mkianza saa 3 na kumaliza kabla ya saa 5. Jua halijawa kali, na adhana ya adhuhuri haitawakuta katikati ya filamu. Mtoto aliyekwisha kujizatiti kwa sauti moja si vyema kumletea nyingine kwa ghafla. Filamu iwe ya dakika 30 hadi 45. Umeme ukikatika, msikimbilie kuwasha jenereta. Tumieni kompyuta yenye betri iliyojaa, au simamisheni onyesho na muwaambie watoto kwa utulivu kwamba picha imeondoka na itarudi.

Kuna watakaowahimiza mfanye tarehe 2 Aprili, ambayo ni Siku ya Usonji Duniani. Nakusihi msikubali kuifanya hiyo kuwa siku yenu ya kwanza. Aprili ni masika, na mvua ya masika juu ya paa la bati inashinda spika yoyote. Zaidi ya hayo, siku hiyo huleta hotuba, kamera, fulana za rangi moja na ngoma ya kukaribisha wageni, yaani yote ambayo mnataka kumwepusha mtoto. Fanyeni kimya kimya katika mwezi wa kiangazi, na wageni rasmi waalikeni kwenye kikao cha wazazi siku nyingine.

Maandalizi ya mtoto mwenyewe yaanze siku kadhaa kabla. Mpeleke ukumbini ukiwa mtupu, azunguke, auone mlango, apite, arudi. Piga picha kwa simu: geti, mlango, mkeka, televisheni, jamvi la nje. Kisha zipange picha hizo nyumbani na umsomee kila jioni kwa maneno machache, kwa mfano: "Tutaingia hapa. Tutakaa hapa. Nikichoka nitatoka hapa. Nikitaka nitarudi." Mwalimu mmoja wa Marekani, Carol Gray, ndiye aliyeanzisha hadithi fupi za namna hii mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwa watoto wasiozungumza picha hubeba kazi yote. Akianza kujitikisa au kurudiarudia maneno wakati wa filamu, mwache. Mara nyingi ndivyo anavyojituliza, na ukimzuia unamwondolea silaha yake.

Upande wa ruhusa si mgumu. Mwarifu sheha wa shehia yenu, na kwa kuwa onyesho ni la hadhara, ulizeni mapema BASSFU, baraza linaloshughulikia sanaa na ukaguzi wa filamu Zanzibar, kuhusu kibali, na COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, kuhusu haki ya filamu mnayotaka kuionyesha. Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, yaani ZAPDD, ina wazazi Unguja na Pemba, na kwao utapata mama wengine kabla ya kutafuta ukumbi. Watoto wako wawili wengine waje pia, kwani nao walirudishwa nyumbani siku ile. Na wakitokea vijana wakubwa au watu wazima wenye usonji, wapokeeni, ila wawe na siku yao peke yao, na filamu yao iwe ya rika lao. Usonji hauishi utotoni, na kijana wa miaka 25 kuwekwa mbele ya katuni za watoto ni kudharauliwa.

Unaniuliza muanzie wapi. Katika kupanga ukumbi mwanzo ni mlango, lakini wewe mwenyewe nakuomba uanze wiki hii nyumbani na daftari. Andika mwanao anapotazama katuni anakaa umbali gani, sauti iko namba ngapi, ni sehemu ipi anayoziba masikio au kuondoka, na anaporudi amerudi baada ya muda gani. Waombe mama wengine watatu au wanne waandike hayohayo. Mkiyaweka pamoja mtajua ukumbi wenu uweje, bila kungoja mtaalamu avuke bahari. Mkae siku ya kwanza mkijua kwamba dakika kumi zinatosha. Akikaa kumi akatoka akaenda jamvini na asirudi, amekwenda sinema. Ama filamu ya kuonyesha, mtakapofika kuichagua, wawekeeni watoto picha za katuni tatu au nne wanazozijua na muwaache waonyeshe kwa kidole, na ikiwa mwanao ataigusa ileile aliyokwisha kuitazama mara kumi, ndiyo hiyo muiweke.